Rangi ya Chungwa Isipokuja: Utatuzi wa Matatizo ya Kupima Chuma kwenye Maji ya Kisima kwa Fenantrolini

Maji yanatoka kisimani meupe kabisa. Ndoo ikikaa saa moja yanageuka rangi ya chai, wali unatoka wa kijivujivu, shuka nyeupe zinashika madoa yasiyotoka. Kisha kipimo cha rangi kinafanywa na karatasi inaandikwa "chuma: hakuna". Anayetumia maji hayo anajua kwamba karatasi hiyo haisemi kweli, na mpimaji naye anabaki hajui aanzie wapi kutafuta kosa.

Mwongozo huu unahusu njia ya 1,10-fenantrolini, kitendanishi kinachogeuka rangi ya chungwa kikikutana na chuma. Ni njia ya siku nyingi, bei yake inabebeka, na ikiharibika huwa inaharibika kwa namna zinazotambulika. Mambo mengi yanayoelezwa hapa yanafaa pia kwa vitendanishi vya rangi vya metali nyingine, na mwishoni tumegusa vichache.

Kinachotoa rangi ni nini hasa

Fenantrolini inashika chuma cha hali ya Fe²⁺ (kilichopoteza elektroni mbili) pekee kwa rangi tunayoitaka. Molekuli tatu zinaizunguka ayoni moja, na mchanganyiko huo unanyonya mwanga wa nanomita 510, yaani kijani, ndiyo maana jicho linaona chungwa iliyokolea. Miligramu 1 ya chuma kwa lita, katika kuveti (kichupa cha kusomea) ya sentimita 1, inasomeka takriban 0.20 kwenye spektrofotomita, mashine inayopima mwanga ulionyonywa. Ishike namba hiyo, tutairudia mara nyingi.

Chuma cha Fe³⁺ (kilichopoteza elektroni tatu) hakitoi rangi hiyo, na kutu ndiyo Fe³⁺. Kwa hiyo ili rangi ije, mambo manne lazima yatimie kwa pamoja: chuma kiwe kimeyeyuka, kiwe kimerudishwa kuwa Fe²⁺, pH (kipimo cha ukali wa asidi) iwe karibu na 3 hadi 3.5, na fenantrolini iwe ya kutosha. Karibu kila tatizo linalofuata linatokana na moja ya haya manne kukosekana, na mara nyingi kosa lilishafanyika kabla fenantrolini haijafunguliwa.

Utaratibu ambao namba zetu zinaufuata

Vitendanishi ni hivi. Fenantrolini: miligramu 100 katika mililita 100 za maji yaliyokenekwa, ukiongeza matone 2 ya asidi hidrokloriki kali ili iyeyuke bila kupashwa moto. Haidroksilamini hidrokloridi, inayorudisha Fe³⁺ kuwa Fe²⁺: gramu 10 katika mililita 100. Bafa, myeyusho wa kuituliza pH: gramu 250 za amoniamu asetati katika mililita 150 za maji, kisha mililita 700 za asidi asetiki isiyo na maji. Myeyusho mama wa chuma: gramu 1.404 za amoniamu feri sulfati (ile ya Fe²⁺) zimeyeyushwa katika mililita 50 za maji ambazo tayari zimetiwa taratibu mililita 20 za asidi salfuriki kali, kisha zikaongezwa maji hadi lita 1. Huo una mikrogramu 200 za chuma kwa mililita. Chukua mililita 50 zake uzifanye lita 1, upate mikrogramu 10 kwa mililita. Huu mwembamba utengeneze siku ileile ya kazi.

Kipimo: mililita 50 za sampuli iliyotikiswa vizuri, mililita 2 za asidi hidrokloriki kali, mililita 1 ya haidroksilamini. Tia shanga za kioo, chemsha hadi zibaki mililita 15 hadi 20. Acha ipoe kabisa. Mimina kwenye chupa ya ujazo ya mililita 50, suuza bika kwa maji kidogo na uyatie humo humo. Ongeza mililita 10 za bafa, mililita 4 za fenantrolini, jaza hadi alama, changanya, subiri dakika 10 au zaidi, kisha soma.

Chemshia nje au chini ya feni ya kutoa hewa chafu. Mvuke wa asidi hiyo unakohoza na unakula vifaa, na haidroksilamini ni sumu, ishike kwa glovu.

Vyombo vinne kabla ya kulaumu chochote

Usianze kubadilisha vitendanishi kwa kubahatisha. Endesha vyombo vinne sambamba, kwa hatua zilezile.

Cha kwanza ni *tupu*: mililita 50 za maji yaliyokenekwa. Cha pili ni *kielelezo*: maji yaliyokenekwa pamoja na mililita 5 za ule myeyusho mwembamba, yaani mikrogramu 50 za chuma. Cha tatu ni *sampuli* yako. Cha nne ni *nyongeza*: sampuli ileile pamoja na mililita 5 za myeyusho mwembamba.

Mikrogramu 50 katika mililita 50 ni miligramu 1 kwa lita, kwa hiyo kielelezo, ukishatoa tupu, kisomeke karibu na 0.20. Nyongeza nayo iizidi sampuli kwa kama 0.20, tunakubali 0.18 hadi 0.22.

Sasa soma majibu. Kielelezo kikiwa dhaifu, tatizo ni vitendanishi au pH, achana kwanza na sampuli. Kielelezo kikiwa sawa lakini nyongeza haifiki, kuna kitu ndani ya maji ya kisima kinachozuia rangi. Kielelezo na nyongeza vikiwa sawa na sampuli ikabaki karibu na sifuri, kemia yako ni nzima, na chuma hakikufika kwenye bika. Tupu ikiwa na rangi, unapima uchafu wako mwenyewe.

Jambo moja linawapotosha wengi hapa. Chuma unachoongeza kwenye nyongeza tayari kimeyeyuka. Nyongeza ikifaulu haina maana kwamba kutu ya sampuli nayo imeyeyuka. Bika ikiwa na chembe za kahawia chini baada ya kuchemsha, hesabu hiyo bado haijakamilika hata kama namba za nyongeza ni nzuri.

Dalili: sampuli haina rangi, na maji yanatia madoa

Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kwa sababu sifuri huaminiwa haraka. Rangi ikizidi mtu hurudia kipimo. Sifuri huandikwa na faili likafungwa.

Anza na chupa ya sampuli. Maji ya chini ya ardhi yasiyo na oksijeni hubeba chuma kama Fe²⁺ iliyoyeyuka, ndiyo maana yanatoka meupe. Yakikutana na hewa, Fe²⁺ inageuka Fe³⁺ na kushuka kama kutu. Kasi yake inategemea sana pH: pH ikipanda kwa 1, mgeuko unakuwa wa haraka mara 100 hivi. Kwenye pH 7 na kuendelea ni suala la dakika. Chupa iliyochotwa asubuhi bila asidi na kufika maabara jioni ina maji meupe juu na utando mwembamba wa kahawia kwenye kuta. Mpimaji anachota kwa pipeti kutoka juu, anapata sifuri, na chuma chote kimebaki ukutani. Ishike chupa kwenye mwanga na uiinamishe, utando utauona kama mstari wa chai iliyokauka kwenye mabega ya chupa.

Dawa ni kutia asidi palepale kisimani. Kwa chuma cha jumla, mililita 2 za asidi hidrokloriki kali kwa lita zinatosha kwa maji mengi, lengo likiwa pH chini ya 2. Lakini hakikisha kwa karatasi ya pH, usikariri ujazo. Maji ya maeneo ya Bonde la Ufa mara nyingi yana bikaboneti nyingi, na bikaboneti inaila asidi kwanza. Utaona mapovu, na pH itabaki juu kuliko unavyodhani. Ongeza hadi karatasi ikubali.

Chupa ikiwa imeshafika bila asidi, usiitupe. Tia asidi humo humo, mililita 2 kwa kila mililita 100, funga, acha hadi kesho yake huku ukiitikisa mara kwa mara, kisha pima. Utando ukiisha ukutani, umekiokoa chuma cha jumla. Kiasi cha Fe²⁺ na Fe³⁺ kila kimoja peke yake kimeshapotea, hakirudi.

Kosa la pili ni kuchuja mapema. Maji yakipitishwa kwenye chujio la mikromita 0.45 kabla ya asidi, chuma kilichokwisha kuganda kinabaki kwenye chujio. Kuchuja kuna kazi yake, pale unapotaka chuma kilichoyeyuka tu. Basi chuja kisimani ndipo utie asidi, na uandike kwenye lebo kwamba ni "kilichoyeyuka".

Kosa la tatu ni kuruka hatua ya kuchemsha. Vifaa vingi vya shambani vinaweka vitendanishi vyote kwenye kifuko kimoja cha unga: unamimina, unatikisa, unasoma. Vinafaa kwa chuma kilichoyeyuka na kutu changa laini. Kutu kongwe iliyobanduka kwenye bomba haiyeyuki kwa unga huo ndani ya dakika tatu. Ukiona chembe ngumu zinazometameta kahawia iliyokolea, chemsha kwa asidi, hakuna njia ya mkato.

Dalili: rangi inakuja, lakini dhaifu, au inaendelea kupanda kila ukisoma

Soma baada ya dakika 10, kisha 20, kisha 40. Ikitulia, ulikuwa na haraka tu. Ikiendelea kupanda, kuna mambo mawili ya kushuku: pH iko chini mno, au urudishaji wa Fe³⁺ haujakamilika.

Kuhusu pH kuna mtego ambao hauandikwi mara nyingi. Mililita 10 za bafa yetu zina takriban milimoli 30 za asetati. Mililita 2 za asidi hidrokloriki kali ni kama milimoli 24. Bafa inaimudu, inabaki na akiba ndogo, na pH inakaa karibu na 3.5. Sasa chukua sampuli iliyotiwa asidi kisimani kwa kiwango cha mililita 2 kwa kila mililita 100, kama inavyofanywa pale Fe²⁺ inapotakiwa kuhifadhiwa. Ndani ya mililita 50 tayari mna mililita 1 ya asidi. Ukiongeza mililita 2 za utaratibu unafika milimoli 36, asetati yote imeliwa, pH inaporomoka na rangi inazubaa. Kielelezo kitaonekana kizuri, kwa sababu chenyewe hakikutiwa asidi mara mbili. Nyongeza itashindwa, na utadhani maji yana kizuizi cha ajabu.

Kwa hiyo andika kwenye lebo kiasi cha asidi kilichotiwa kisimani, na ukipunguze maabara. Kwa sampuli ya mfano huo, ongeza mililita 1 tu. Kuhakikisha, chovya kijiti cha kioo kwenye chupa iliyokamilika na ugusishe karatasi ya pH. Usitumbukize karatasi yenyewe. Ikiwa chini ya 2.9, rudia kipimo kwa asidi pungufu badala ya kuongeza bafa juu ya alama, maana ukipita alama ujazo umeshaharibika.

Urudishaji usiokamilika unatambulika hivi: baada ya kuchemsha na kabla ya bafa, myeyusho ungali wa manjano. Manjano hiyo ni Fe³⁺ pamoja na kloridi. Haidroksilamini ikifanya kazi, manjano hufifia hadi kuwa meupe. Ikibaki, ama haidroksilamini imechoka, ama maji yana kioksidishaji kinachoila haidroksilamini kwanza: klorini ya kuulia vijidudu, nitraiti, au permanganeti iliyotumika kuondoa chuma chenyewe. Kisima kilichotiwa klorini baada ya ukarabati kinatoa tatizo hili kwa siku kadhaa. Ongeza haidroksilamini hadi mililita 2 au 3, kwa vyombo vyote vinne, na utaona.

Polifosfeti nazo, zinazotiwa kwenye baadhi ya mifumo ya maji ili kutu isionekane, huishika Fe³⁺ na kuificha. Kuchemsha kwa asidi kunazivunja kuwa fosfeti za kawaida zisizosumbua sana. Kama uliruka kuchemsha, hilo linaweza kuwa jibu lako.

Dalili: rangi inagota, maji machafu zaidi hayasomi juu zaidi

Hapa fenantrolini imeisha. Kwa hesabu ya molekuli tatu kwa ayoni moja, mililita 1 ya myeyusho wetu inatosha mikrogramu 94 hivi za chuma. Mililita 4 zinatosha 375. Katika mililita 50 hizo ni miligramu 7.5 kwa lita, na usomaji unagota karibu na 1.5 hata kama maji yana miligramu 20. Visima vyenye chuma cha kiasi hicho vipo.

Usingoje ufike ukingoni. Weka mpaka wa mikrogramu 200 kwa kipimo kimoja, yaani usomaji wa 0.8. Ukivuka, rudia na mililita 10 au 5 za sampuli, ukijazia maji yaliyokenekwa hadi 50 kabla ya kuchemsha. Kamwe usichanganye maji kwenye chupa ambayo rangi imeshatoka ukidhani unapunguza ukali. Kama fenantrolini iliisha, chuma kilichokosa mwenzake hakitahesabiwa ng'o.

Zinki inaleta dalili inayofanana na hii kwenye maji yaliyopita katika mabomba na matangi ya bati. Zinki haina rangi lakini inainyakua fenantrolini. Ikizidi chuma mara 10, rangi hupungua. Ongeza fenantrolini mara mbili kwenye nyongeza: ikipanda hadi mahali pake, umempata mwizi. Kobalti na shaba zikizidi miligramu 5 kwa lita, au nikeli 2, nazo zinasumbua, ingawa kwa maji ya kunywa ya kawaida ni nadra kufika huko. Kwenye maji yanayotoka migodini si nadra.

Dalili: tupu ina rangi

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu uamuzi mkubwa unategemea namba ndogo. Shirika la Afya Duniani linataja miligramu 0.3 kwa lita kuwa kiwango ambacho chuma kikikivuka huanza kutia madoa nguo na vyombo vya bafuni. Kwa utaratibu wetu 0.3 inasomeka 0.06. Tupu yako ikiwa 0.03, nusu ya jibu ni uchafu. Tupu nzuri, ikilinganishwa na maji yaliyokenekwa matupu, isizidi 0.01 hivi.

Kumpata mchafuzi, tengeneza tupu nne za ziada, kila moja ukiwa umezidisha kitendanishi kimoja mara mbili. Asidi mara mbili, ukifidia kwa bafa, kisha bafa peke yake, kisha haidroksilamini, kisha fenantrolini. Ile inayopanda ndiyo yenye chuma. Mara nyingi ni bafa: amoniamu asetati hata ya daraja zuri huja na chuma kidogo, ndiyo maana kila bafa mpya inataka mstari mpya wa vielelezo, yaani grafu ya usomaji dhidi ya kiasi cha chuma. Usitumie mstari wa mwezi uliopita na bafa ya leo. Asidi hidrokloriki ya viwandani, ile ya manjano inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, manjano yake ni chuma. Haifai kabisa kwa kazi hii.

Vyombo vya kioo vinachangia. Brashi yenye waya uliopata kutu, stendi ya chuma inayomwaga vumbi juu ya bika, koleo la kushikia bika lililochakaa: vyote vimewahi kuleta chuma kisichokuwepo kisimani. Osha vyombo kwa asidi hidrokloriki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, suuza mara kadhaa kwa maji yaliyokenekwa, na uviweke kifudifudi juu ya plastiki. Vyombo vya kupimia chuma viwe vya kazi hiyo tu. Fenantrolini yenyewe ikianza kugeuka rangi kwenye chupa, imwage.

Dalili: rangi si ya chungwa

Manjano ya chai, hasa kwa maji ya mabwawa, mito ya misituni au visima vifupi karibu na tindiga, huwa ni rangi ya mimea iliyooza. Andaa sampuli ya pili kwa hatua zote isipokuwa fenantrolini, isome, na uitoe kwenye jibu. Kutoa tupu ya maji yaliyokenekwa peke yake hakuondoi rangi hii.

Ukungu mweupe unaweza kuwa udongo wa mfinyanzi ambao asidi haikuuyeyusha. Acha utulie au uuzungushe kwenye mashine ya kutenganisha baada ya rangi kukamilika, soma maji ya juu. Lakini mashapo yanayojitokeza ghafla mara tu fenantrolini inapoingia ni jambo jingine: zebaki, fedha, kadimiamu na bismathi hushusha mashapo pamoja nayo. Kwenye eneo la wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki usilipuuze, maana hapo swali si chuma tena. Na asidi perkloriki isitumike kuyeyushia sampuli, mbali na hatari yake ya mlipuko, kwa sababu perkloreti nayo hushusha mashapo na mchanganyiko wa chungwa.

Dalili: marudio mawili ya chupa moja hayalingani

Chembe za kutu hazigawanyiki sawa. Bika moja ikipata chembe moja zaidi, jibu linaruka. Tikisa chupa, mimina haraka kwenye silinda ya kupimia badala ya kuvuta kwa pipeti yenye mdomo mwembamba, au tia asidi chupa nzima na uisubiri hadi kesho yake. Baada ya hapo angalia kuveti: alama ya kidole kwenye upande wa mwanga inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko 0.06 unayoitafuta. Ifute kwa karatasi laini na uiingize kila mara kwa upande uleule.

Wanaosoma kwa macho watumie mirija mirefu ya ukubwa mmoja juu ya karatasi nyeupe, waangalie kutoka juu kwenda chini ili rangi ipite kina chote cha maji. Mwanga wa mchana wa kivulini ndio bora. Taa ya njano ya balbu inazifanya chungwa zote zifanane. Wanaotumia kamera ya simu waweke mirija yote, pamoja na vielelezo, kwenye picha moja, wapime thamani ya kijani, maana kijani ndiyo inayonyonywa. Picha mbili za nyakati mbili hazilinganishwi, simu hujirekebishia rangi yenyewe.

Kolorimita ndogo yenye taa ya kijani ya nanomita 520 au 525 inafaa, ila ile 0.20 kwa miligramu haiihusu. Chora mstari wake mwenyewe kwa vielelezo vya mikrogramu 0, 25, 50, 100 na 200.

Dalili: kisima kilekile kinatoa majibu tofauti asubuhi na mchana

Hapa kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa, na tofauti ikawa ya kweli. Kwenye pampu ya mkono yenye mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki, maji yenye pH chini ya 6.5 huyala mabomba usiku kucha. Maji ya kwanza asubuhi yanakuwa na chuma kingi, na kadiri watu wanavyochota kinapungua.

Chota sampuli kabla mtu hajapampu, kisha baada ya ndoo 5, 10, 20 na 40 za lita 20, kila moja kwenye chupa yake yenye asidi. Namba zikishuka sana na kutulia chini, chuma ni cha bomba, na kubadilisha mabomba kwa ya plastiki au chuma kisichoshika kutu kunatibu. Zikibaki palepale, chuma kinatoka ardhini. Mabomba mapya hayatasaidia, kinachotakiwa ni kuyapa maji hewa na kuyachuja. Watu wanatumia fedha nyingi kwa kukosea tawi hili moja, na gharama ya kuliamua ni chupa tano.

Kwa wanaotaka Fe²⁺ peke yake

Hakuna kuchemsha, hakuna haidroksilamini. Jaza chupa pomoni palepale kisimani ikiwa na asidi mililita 2 kwa kila 100, chukua mililita 50, tia mililita 20 za fenantrolini na 10 za bafa, changanya, soma ndani ya dakika 5 hadi 10, kivulini. Jua linairudisha Fe³⁺ kuwa Fe²⁺ mbele ya fenantrolini na rangi itaendelea kukolea mkononi mwako. Vielelezo vipitie ujazo huohuo.

Metali nyingine, kwa ufupi

Kromiamu ya hali ya sita hupimwa kwa difenilkabazaidi, rangi ya zambarau, nanomita 540. Miligramu 250 katika mililita 50 za asetoni, chupa ya kahawia. Ikigeuka rangi, tupa. Rangi isipokuja, angalia asidi kwanza, kisha uliza kama sampuli ilikaa na Fe²⁺ au vitu vya kuoza, kwani hivyo huigeuza kromiamu kuwa ya hali ya tatu isiyotoa rangi. Soma kati ya dakika 5 na 10. Vanadiamu nayo hutoa rangi, ila ya kwake hufifia ndani ya dakika 10.

Ugumu wa maji (kalisiamu na magnesiamu) kwa kiashiria cha Eriochrome Black T, ukitonesha EDTA, kemikali inayozifunga metali hizo: rangi inatakiwa kutoka nyekundu ya zabibu hadi buluu safi kwenye pH 10. Ikisita kwenye zambarau, aidha kiashiria kimekufa, maana kikiwa kwenye maji kinadumu siku chache tu, aidha shaba au chuma vimekishika. Kisage na chumvi safi, gramu 0.5 kwa gramu 100, kitakaa muda mrefu. Maliza utoneshaji ndani ya dakika 5 tangu utie bafa, kalisiamu kaboneti isije ikaganda. Kama maji hayana magnesiamu, badiliko halitakuwa kali hadi uongeze kidogo iliyofungwa na EDTA.

Risasi ni habari nyingine. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 0.01 kwa lita, na vijiti vya rangi vinavyouzwa madukani mara nyingi huanza kuona mbali juu ya hapo. Soma kikomo cha chini kilichochapishwa kwenye kasha kabla ya kuchovya. Kikiwa juu ya 0.01, kijiti cheupe hakijasema lolote kuhusu usalama wa maji, na sampuli inapaswa kwenda kwenye maabara yenye mashine ya kupima metali kwa atomi.